Kuanika dagaa wa Kigoma: mwongozo kamili kuanzia mwaloni hadi kwenye gunia

Mnunuzi mzoefu wa dagaa haulizi maswali mengi. Anaokota mmoja kutoka katikati ya gunia, anamvunja, anamnusa, kisha anamtafuna taratibu akisikiliza kama kuna mchanga. Baada ya hapo ndipo anataja bei. Jina la Kigoma linamfanya asimame mbele ya meza yako, lakini hilo vunjo, ile harufu na ule mtafuno ndivyo vinavyomfanya afungue pochi.

Mwongozo huu ni kwa anayenunua dagaa wabichi Katonga, Kibirizi au mwalo wowote (mahali wavuvi wanaposhusha samaki) wa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika na kutaka wafike sokoni wakiwa wasafi, wakavu na wenye rangi ya fedha. Wengi wanadhani kazi yote iko juani. Ukweli ni kwamba hasara kubwa hupatikana kabla dagaa hajaona jua, na hasara ya pili hupatikana siku ya kufunga gunia. Kwa hiyo sehemu hizo mbili zimeelezwa kwa urefu kuliko nyingine.

Mjue unayemwanika

Ndani ya ndoo moja ya "dagaa" kwa kawaida kuna samaki wawili tofauti. Wa kwanza ni dagaa mwenyewe, Stolothrissa tanganicae, mwembamba, ambaye akikomaa hufika kama sentimita 7 hadi 9. Wa pili ni lumbu, Limnothrissa miodon, mnene zaidi, ambaye akiachwa akue anaweza kufikia sentimita 17. Wote wawili ni ndugu wa samaki simu na sardini wa baharini, ingawa wao huishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ni wa ukoo mwingine kabisa. Ndiyo maana aliyezoea kuanika wa Ziwa Victoria hapaswi kuhamisha mazoea yake yote huku bila kuyapima upya.

Tabia moja ya dagaa wetu inaamua kazi yako yote. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye kina kikubwa zaidi, lakini hewa ya kupumua samaki iko kwenye tabaka la juu tu. Mchana dagaa hushuka chini kwenye giza wakikwepa migebuka na maadui wengine, usiku hupanda kufuata vijidudu wadogo wanaoelea majini. Wavuvi wa dagaa huwasha taa na kuwavuta wakiwa kwenye mlo. Maana yake ni kwamba dagaa anakufa tumbo limejaa. Vimeng'enya vya tumboni havijui kama mwenye tumbo amekufa. Vinaendelea kuyeyusha chakula, kisha vinaanza kuyeyusha ukuta wa tumbo lenyewe. Ukiona dagaa tumbo limepasuka saa 3 asubuhi, kazi hiyo ilianza usiku wa manane.

Jambo jingine: uvuvi huu hutegemea giza. Siku za mbalamwezi taa hazina nguvu ya kuvuta, mitumbwi hupumzika, na dagaa huadimika. Giza likirudi, mzigo unashuka kwa wingi siku chache mfululizo na bei inaporomoka. Hapo ndipo vichanja, yaani meza za wavu za kuanikia, vinapojaa na watu kuanza kumwaga dagaa mchangani "kwa leo tu". Panga ukubwa wa vichanja vyako kwa siku za giza. Siku za mbalamwezi zitumie kukaza nyaya, kubadilisha nguzo zilizooza na kusafisha ghala.

Kichanja: vipimo na vifaa

Kichanja kizuri kwa watu wawili kuhudumia kina urefu wa mita 10, upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1 kutoka ardhini. Upana huo si wa kubahatisha. Mtu akisimama upande mmoja, mkono wake unafika katikati bila kuegemea. Ukizidisha hadi mita 1.5, dagaa wa katikati hawatageuzwa vizuri hata msimamie vipi. Kimo cha mita 1 kinawaweka juu ya vumbi, kuku na mbwa, na kinaruhusu upepo kupita chini, ambako nusu ya kukauka hufanyika.

Kwa kichanja kimoja utahitaji nguzo 12 za urefu wa mita 1.5 (nusu mita inaingia ardhini), zikisimama mbili mbili kila baada ya mita 2. Fito au mbao ndefu za kulaza pande zote mbili, jumla mita 20. Vipande 11 vya mita 1.2 vya kukatiza, kimoja kila mita 1. Mita 10 za wavu wa kuku wenye upana wa mita 1.2, na wavu wa nailoni wenye macho ya milimita 5 au 6 wa kutandika juu yake. Wavu wa kuku hubeba uzito, wavu wa nailoni humshika dagaa.

Ncha za nguzo zinazoingia ardhini zichome kwenye moto mpaka ziwe nyeusi nje, ili mchwa wasizimalize haraka. Usizipake oili chafu ya gari, kwa sababu harufu yake hupanda na kukaa kwenye mafuta ya dagaa. Na hili tunalisisitiza kwa nguvu: usitumie chandarua cha mbu chenye dawa. Ni laini, ni rahisi kupatikana, na kimetiwa sumu ya kuua wadudu. Dagaa mbichi mwenye mafuta akilala juu yake kutwa nzima, sumu hiyo inakwenda kwenye sahani ya mtoto wa mtu.

Upande wa mahali: mwambao wetu unatazama magharibi, na upepo wa mchana kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu. Jenga kichanja urefu wake ukielekea kaskazini na kusini ili upepo uupige ubavu, usipite kwenye ncha. Upande mmoja uwe chini kidogo ya mwingine, sentimita 5 zinatosha, maji yachuruzike. Acha nafasi ya angalau sentimita 80 kati ya kichanja na kichanja. Kaa mbali na vyoo, jalala na barabara ya vumbi. Ardhi ya chini ya kichanja iwe na kokoto au nyasi fupi, si mchanga mtupu, la sivyo upepo wa saa 8 mchana utakupandishia mchanga uleule uliokuwa unaukimbia.

Sasa hesabu ya nafasi. Dagaa akilazwa safu moja bila kulaliana, mita moja ya mraba hubeba kilo 2 hadi 3. Kichanja cha mita 12 za mraba kwa hiyo kinabeba kilo 25 hadi 35. Ndoo ya lita 20 iliyojaa dagaa wabichi ina takriban kilo 18 hadi 20, yaani ndoo moja na nusu kwa kichanja. Mwenye vichanja vinne asinunue ndoo kumi kwa sababu bei imeshuka. Hizo nne za ziada ndizo zitakazomharibia na sita za kwanza.

Alfajiri mwaloni

Fika mapema, na uliza swali ambalo wengi hawaulizi: hawa ni wa mtego wa saa ngapi? Mtumbwi huinua wavu mara kadhaa usiku. Dagaa wa saa 4 usiku wakifika nchi kavu saa 12 asubuhi wana umri wa saa nane. Wa alfajiri wana saa moja au mbili. Wakiwa wamechanganywa kwenye mtumbwi mmoja huwezi kuwatofautisha kwa macho ya haraka, lakini wavuvi wanajua, na mkishazoeana watakutengea. Dagaa wa mtego wa mwisho wanastahili bei ya juu kidogo, kwa sababu hao ndio watakaokaa ghalani.

Kagua kwa mkono. Chukua mmoja, mshike mkia, mlaze: mbichi hasa hubaki amenyooka. Mbonyeze tumbo kwa kidole gumba, na asitoe kitu. Jicho liwe angavu na limejaa, si jeupe lililozama. Ngozi ing'ae kama bati jipya. Akiwa ameanza kuchina, mng'ao hufifia, tumbo hulegea, na maji ya chini ya ndoo huwa mekundu yenye shombo kali. Hayo maji yaangalie kwanza kuliko samaki wenyewe, maana wa juu hupangwa wapendeze.

Kama safari ya kwenda vichanjani inazidi nusu saa, funika ndoo kwa gunia lililoloweshwa na uwaweke kivulini. Barafu ikipatikana, tumia kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya dagaa, kwa tabaka, si kuitupia juu. Usijaze ndoo mpaka juu wala kupandanisha beseni juu ya beseni, kwani wa chini watapondwa na tumbo zilizopasuka zitawachafua wengine wote.

Kataa dagaa wa kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni. Nyavu hizo zimepigwa marufuku na zinaburuta watoto wa lumbu na wa samaki wengine walioko kandokando kabla hawajazaa hata mara moja. Nchi nne zinazozunguka ziwa hili zimelazimika kukubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Vichanja vilibaki vitupu miezi mitatu. Kila ndoo ya dagaa inayooza kwa uzembe wetu inaongeza njaa ya nyavu kwenye ziwa hilohilo, na anayenunua watoto wa samaki leo anajinyima mzigo wa mwakani.

Kuosha

Andaa beseni tatu. Maji yasitoke kando ya mwalo, ambako watu wanafulia na mitumbwi inasuuzwa. Tumia maji ya bomba au yaliyochotwa mbali. Maji ya beseni la mwisho yatiwe klorini: kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na sabuni wala manukato, kwa lita 20, kisha yaache nusu saa kabla ya kutumia.

Beseni la kwanza huondoa damu, magamba na uchafu wa mtumbwi. La pili husafisha. La tatu ni la kusuuza. Dagaa wakae dakika moja au mbili kila beseni, wakigeuzwa kwa mikono iliyofunguliwa, bila kukamuliwa. Kuwaloweka si kuwasafisha, bali ni kuwalainisha. Badilisha maji ya beseni la kwanza kila baada ya ndoo tatu, au mapema zaidi yakigeuka mekundu. Kisha waache wachuruzike dakika 10 hadi 15 kwenye kikapu au kreti yenye matundu. Maji machafu yamwagwe shimoni, mbali na vichanja, vinginevyo umewaandalia inzi karamu.

Wakati wa kuchuruzika ndio wakati wa kuchambua. Toa migebuka wachanga, uduvi na lumbu wanene. Hawa waanike peke yao. Mgebuka mmoja mnene aliyejificha kati ya dagaa wakavu bado ana maji katikati ya uti wa mgongo wakati wenzake wamemaliza kukauka. Ukimfunga nao, baada ya wiki mbili utakuta ukungu umeanzia kwake na kusambaa pande zote.

Kuhusu chumvi: dagaa wa Kigoma wanapendwa bila chumvi, na kipindi cha kiangazi hakuna sababu ya kuitumia. Siku za mawingu unaweza kuwachovya dakika 10 kwenye maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita moja. Inapunguza kasi ya kuoza na inzi huwakwepa kiasi. Ila jua kwamba chumvi hunywa unyevu wa hewa. Dagaa wa chumvi waliofungwa msimu wa mvua watalainika haraka kuliko wasio na chumvi.

Siku ya kuanika

Lengo ni dagaa wa kwanza kulala kichanjani kabla ya saa 2 asubuhi. Walaze safu moja. Wasilaliane, kwa sababu pale mgongo wa mmoja unapogusa tumbo la mwingine ndipo inzi hutaga. Inzi hawapendi ngozi iliyokauka, wanatafuta penye maji. Ukiweza kuikausha ngozi ya juu ndani ya saa mbili za kwanza, umeshawashinda, na mayai machache yaliyotagwa hayatapata unyevu wa kuanguliwa. Ukichelewa, funza wanaweza kuonekana kabla ya saa 24 kupita.

Usiwaguse mpaka saa 4. Wakiwa bado wabichi hunasa kwenye wavu na ukiwageuza mapema vichwa vinabaki kwenye macho ya nailoni. Wakishakaza ngozi huachia wenyewe. Geuza mara ya kwanza saa 4, kwa mikono safi au fagio laini lisilotumika kwingine. Rudia saa 7 na saa 9 mchana. Reki ya bustani isitumike, inawavunja.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, siku yenye jua na upepo mzigo wa safu moja unaweza kumalizika jioni ileile. Masika inachukua siku mbili, pengine tatu. Vyovyote iwavyo, waanue kabla ya saa 12 jioni, maana umande hurudisha sehemu ya maji uliyoyatoa kutwa. Kuwaacha kichanjani chini ya nailoni ni kosa linalorudiwa sana: joto walilobeba hutoa mvuke, mvuke hugonga nailoni iliyopoa, na asubuhi unakuta matone yamewaangukia.

Waliobaki nusu wakavu wakusanye kwenye vikapu ndani ya nyumba, funika kwa kitambaa cha pamba. Usiku ule maji yaliyobaki katikati ya nyama yatasogea taratibu kuelekea kwenye ngozi. Ndiyo maana asubuhi dagaa aliyekuwa mgumu jana anakuwa laini kidogo. Hajaharibika. Maji yamekuja karibu na mlango, na saa mbili au tatu za jua la siku ya pili zitayatoa yote. Anayeruka hatua hii na kufunga gunia jioni ya kwanza kwa sababu "ameshavunjika", bila kupima, anafungia maji ndani.

Mizani ndiyo inayosema amekauka

Kuvunja dagaa kwa mkono kunasaidia, lakini ngozi hudanganya. Tumia mizani ndogo ya kidijitali, na utaratibu huu.

Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 70, itandike wavu uleule wa kichanja, uipime ikiwa tupu na kuandika uzito wake ubavuni. Weka dagaa wabichi gramu 1,000 kamili, baada ya kuchuruzika. Watandaze safu moja na uiweke fremu katikati ya kichanja, si pembeni penye upepo zaidi. Igeuze kila unapogeuza wengine.

Dagaa mbichi robo tatu yake ni maji. Ndani ya gramu 1,000 kuna kama gramu 250 tu za mwili mkavu. Kwa hiyo fremu ikisoma gramu 333 (ukiondoa uzito wa fremu), bado kuna unyevu wa asilimia 25: bakteria wamezuiliwa, lakini ukungu unastawi. Ikisoma 312, unyevu ni asilimia 20. Ikisoma 294, ni asilimia 15, na chini ya hapo ukungu hukosa nafasi. Ikisoma 284 umefika asilimia 12, na hapo ndipo pa kufungia. Angalia tofauti hiyo: kati ya gunia litakalokaa miezi na gunia litakaloota ukungu ni gramu zisizozidi 30. Hakuna mkono unaoweza kuzihisi.

Kipindi ambacho dagaa wamenenepa, maji yao huwa pungufu na mafuta ni mengi, hivyo uzito wa mwisho unaweza kusimama kwenye 300 au hata 320. Hapo usilazimishe 284. Pima, subiri saa moja juani, pima tena. Kama tofauti haifiki gramu 5, wamekauka.

Kwa mzigo mzima, kilo 100 mbichi zinatoa takriban kilo 28, na ukiondoa waliovunjika na waliochambuliwa zinabaki 26 au 27. Anayejisifu kuwa amepata kilo 34 kwenye mia amepima maji, na mteja atakayeyalipia atarudi na lawama.

Mvua ikitanda

Turubai liwe limekunjwa kwenye ncha ya kila kichanja, si ndani ya stoo. Liwekwe kama paa lenye mgongo, juu ya fito, lisiwaguse dagaa. Mvua ikipita, lifunue mara moja.

Anayeanika msimu wote wa mvua ajenge banda la nailoni angavu: fremu ya mbao, nailoni pande zote, vichanja ndani. Kosa la kwanza hapa ni kulifunga kabisa. Banda lisilo na mahali pa kutolea hewa linakuwa chumba cha mvuke. Acha uwazi wa sentimita 20 hadi 30 chini, pande mbili, na matundu ya kutosha karibu na mgongo wa paa, yote yakiwa na wavu wa kuzuia inzi. Kosa la pili ni joto. Tundika kipimajoto ndani. Saa tatu za kwanza joto lisizidi nyuzi 50, la sivyo nyama inapikwa kabla ya kukauka: ngozi inakaza na kufungia maji ndani, na dagaa anakatika vipande akiguswa. Likizidi, fungua pande.

Kama mawingu hayaachii siku mbili mfululizo na hakuna banda, usinunue. Dagaa wasionunuliwa hawakugharimu kitu.

Kupoza, kufunga, kuweka

Dagaa waliotoka juani wapozwe kivulini angalau saa moja wakiwa wametandazwa. Ukiwafunga wangali na joto, mvuke wao utageuka matone ndani ya gunia na kazi ya siku mbili inaharibika usiku mmoja. Wakati wanapoa, pepeta kutoa magamba na unga, na toa waliokatika vichwa. Hao wana soko lao la kusagwa, wasikushushie daraja la wazima.

Tumia viroba vipya. Kiroba kilichobeba mbolea au saruji hakisafishiki. Mfuko wa nailoni wa ndani ni mzuri sana au ni mbaya sana, kutegemea mizani ilisema nini: kwa dagaa wa asilimia 12 unazuia unyevu usiingie, kwa dagaa wa asilimia 20 unazuia unyevu usitoke. Usizidishe kilo 30 kwa kiroba na usikanyage kwa miguu ili "waingie". Andika tarehe ya kuanika, mwalo na uzito.

Ghalani, viroba vilale juu ya chaga yenye kimo cha sentimita 15, umbali wa sentimita 30 kutoka ukutani. Mafuta ya taa, sabuni na dizeli visikae chumba kimoja na dagaa. Mafuta ya samaki hunyonya harufu na haitoki tena. Kuwe na giza, kwa sababu mwanga na hewa ndivyo vinavyofanya mafuta yaharibike na rangi ya fedha igeuke manjano, kisha kahawia. Dagaa wa namna hiyo si wachafu, ila huwasha koo na watoto huwakataa. Waliokaushwa vizuri wauze ndani ya miezi mitatu, wa zamani wakitangulia.

Kila wiki fungua kiroba kimoja au viwili na uingize mkono hadi katikati. Kukiwa na joto kuliko nje, kuna unyevu unaofanya kazi. Mwaga vyote, tandaza juani saa mbili, pima upya. Msimu wa mvua, hata waliokauka vizuri warudishwe juani kila wiki mbili au tatu.

Ukikuta unga laini chini ya kiroba na vifunza vyenye manyoya, huyo ni Dermestes, mbawakawa mdogo mweusi anayekula samaki wakavu. Tenga viroba hivyo siku hiyohiyo. Tandaza dagaa safu nyembamba juu ya turubai jeusi kwenye jua kali la mchana, wageuze, upepete, kisha ufunge kwenye viroba vipya vyenye nailoni nzito. Fagia ghala lote, pamoja na nyufa za sakafu. Kupulizia dagaa dawa ya wadudu ni kuwalisha watu sumu, na hakuna kuosha kutakakoiondoa.

Njiani

Kabla ya kupakia, pitia kwa ofisa uvuvi wa wilaya kwa leseni ya biashara ya mazao ya uvuvi na kibali cha kusafirisha. Vizuizi vya njiani vinasimamia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na mzigo usio na karatasi hukaa juani huku mkijadiliana. Kwa reli, Tabora ni kama kilomita 400 na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,200. Kwenye behewa au lori, dagaa wakae juu ya chaga au mbao, mbali na madebe ya mawese na magunia ya mkaa, na wasiwe chini ya mizigo mizito. Mwambie anayepokea afungue viroba siku ileile vinapofika, awapime mbele ya dereva, na awatandaze kivulini nusu saa kabla ya kuwapanga dukani.